Mchuzi wa nguru wa nazi "wa afya" unapikwaje?

BintiChuda:
Salaam jamani. Kuna kipindi cha mapishi cha nje naangaliaga usiku, wapishi wawili chakula kile kile, mmoja anapika cha afya mwengine anapika cha kujiachia, siagi na krimu mpaka basi. Jana ilikuwa pasta, yule wa afya katoa krimu kaweka mtindi na uyoga. Nikawaza mchuzi wetu wa nguru. Bimkubwa ana presha, daktari kamwambia apunguze mafuta na chumvi, lakini ukimpikia bila nazi anasukuma sahani anasema hiki chakula cha wagonjwa. Sasa nimwekee mtindi? Nataka ale kwa raha yake.

MamaNgamiani:
Shoga mtindi kwenye nguru hapana!! Nazi usiitoe, ipunguze. Angalia tunavyopika, samaki tunamkaanga, kitunguu nacho tunakikaanga, halafu kasimile, lile tui zito la kwanza, lote ndani, yani mafuta yameingia mara tatu kwenye sufuria moja. We nguru mpake ndimu, saumu na tangawizi umchome mkaani. Mchuzi anza na tui la pili, lile jepesi, nyanya na kitunguu na bilinganya vyote humo humo bila kukaanga, pilipili mbuzi iache nzima usiipasue, chemsha mpaka nyanya zipotee. Ukikaribia kuepua ndo unamimina kasimile vijiko viwili vitatu, koroga taratibu lisikatike, epua. Harufu yote ya nazi inabaki juu, bimkubwa hatojua kitu. Na weka ukwaju au embe bichi, ukali ukiwepo chumvi haitafutwi sana.

Mvuvi_DeepSea:
Hivyo vipindi mi vinanikera, chakula kitamu wanakifanya kama dhambi. Mama mwache ale nazi yake, punguza ule mlima wa wali na soda ya baridi pembeni, hapo ndo penye shida.

DadaNesi:
Kaka wali na soda nakuunga mkono, ila nazi nayo tuseme ukweli, mafuta yake zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayoganda, na gramu 1 ya mafuta yoyote ina kalori 9 wakati wanga ni 4. Kwa mwenye presha mimi chumvi ndo naiogopa zaidi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko cha chai kwa milo yote, na vile vimchemraba vya supu vimejaa chumvi tupu. Papa mkavu je, anakula? Kama anakula mloweke usiku kucha maji uyamwage.

BintiChuda:
Papa ndo ugonjwa wake, anamla na bada, ule ugali wa muhogo! Asanteni sana dada zangu, na wewe kaka. Kesho naenda kuchukua nguru. Na kisamvu nacho kasimile mwishoni?

MamaNgamiani:
Ndiyo, ila kisamvu kiive kwanza kabisa na maji matupu, kisiwe na ukakasi.