Paneli ya kukunja: wati 100 zimeishia wapi?

Neema: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Paneli ya kukunja ya safari imefika, ni ya wati 100, pamoja na boksi la betri la wati-saa 256. Nimeitandaza uani sasa hivi. Jua linawaka, wingu hakuna, lakini skrini ya boksi inasoma wati 38 tu. Ni mbovu? Kama ni mbovu niirudishe mapema.

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Usiirudishe kwanza. Piga picha paneli nzima ilivyokaa, halafu kile kibandiko cha nyuma chenye namba.

Neema: [picha]

Neema: [picha]

Mjomba Hamisi: Kibandiko kiko sawa. Vmp, yaani volti paneli ikitoa nguvu yake ya juu, ni 18. Imp, ampea za wakati huo, ni 5.5. Voc, volti ikiwa haijaungwa na kitu, ni 21.6. Volti 18 mara ampea 5.5 ni 99, ndizo hizo wati 100 wanazoandika. Sasa angalia picha ya kwanza, kona ya chini kulia. Mkanda wa kubebea umelala juu ya seli. Utoe.

Neema: Nimeutoa. Imeruka mpaka 61! Kamkanda kembamba vile?

Mjomba Hamisi: Ndiyo. Seli zimeungwa kwa mfululizo, umeme wa zote unapita ndani ya kila moja. Seli moja ikifunikwa inakuwa kama bomba lililobanwa katikati: hata maji yakiwa mengi nyuma, yanayotoka ni yale yanayopenya pale. Paneli nzuri huwa na daiodi za kuupitisha umeme pembeni ya kundi lenye kivuli, ila hapo unapoteza kundi zima la seli. Kamba ya hema, jani moja, mtu aliyesimama mbele, vyote vinatosha kuiangusha.

Dada Zawadi: Na kivuli kinatembea, hilo ndilo watu husahau. Mahali palipo peupe saa tatu asubuhi, saa saba mti umeshapafikia. Kabla hujaiacha na kwenda matembezini, tazama jua linaelekea wapi na mti uko upande gani. Wewe weka pale patakapokuwa peupe saa sita, hata kama asubuhi pana kivuli kidogo.

Binamu Kito: Neema, bado hujafika. Imelala bapa au imesimama kwenye miguu yake?

Neema: Bapa, juu ya saruji.

Binamu Kito: Isimamishe. Kisha chukua kalamu, iweke wima juu ya uso wa paneli, yaani kitako cha kalamu kigusane na paneli na kalamu isimame wima kwake, si kwa ardhi. Ukiona kivuli cha kalamu kimelala upande, geuza na uinamishe paneli mpaka kivuli kiishe chini ya kalamu yenyewe. Hapo inalitazama jua usoni.

Neema: 77

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo pake. Paneli yako ni nzima.

Neema: Na hizo 23 nyingine mjomba?

Mjomba Hamisi: Wati 100 ni za maabara: mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli nyeusi ikikaa juani, seli zake hufika nyuzi 60 bila shida. Kila nyuzi inayozidi 25 inakula kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12 hadi 14 zimeondoka kabla hujahesabu vumbi, kebo, na jua lenyewe ambalo asubuhi halijafika 1000. Ukipata 70 hadi 80 kwa paneli ya 100, shukuru. Ila usiiegemeze kwenye saruji au bati la moto. Iache ipitishe hewa mgongoni.

Binamu Kito: Usihangaike kuigeuza kila dakika kumi pia. Ikipishana na jua kwa pembe ya nyuzi 30 unapoteza asilimia 13 tu. Kwa nyuzi 45 ni karibu 30, kwa nyuzi 60 ni nusu. Kuigeuza asubuhi, saa sita na alasiri kunatosha kabisa.

Kaka Juma: Samahani naingilia kati. Hiyo itabeba na friji ndogo ya gari? Nilitaka tubebe maji baridi.

Dada Zawadi: Tuanze na hesabu ya matumizi kwanza Juma, friji baadaye. Neema, tuko wangapi na vifaa gani?

Neema: Simu 5, taa 2 za wati 5, kamera yenye betri 2, na laptopu ya baba.

Dada Zawadi: Simu ya mAh 5000 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 5) mara volti 3.85 ni wati-saa 19. Pamoja na upotevu hesabu 25. Simu 5 ni 125. Taa 2 kwa saa 5 ni 50. Betri za kamera hesabu 30. Laptopu kuijaza mara moja ni 60. Jumla wati-saa 265 kwa siku.

Dada Zawadi: Upande wa mapato: siku nyeupe hesabu saa 4 za jua kamili, mara wati 70, ni wati-saa 280. Sehemu yake inapotea njiani wakati wa kuingia na kutoka kwenye betri. Kwa hiyo siku nzuri mnafika ukingoni tu. Likitanda wingu zito, paneli inaweza kutoa wati 10 hadi 25, basi. Kama laptopu si ya lazima, ibaki nyumbani.

Kaka Juma: Friji je?

Mjomba Hamisi: Friji ya kompresa ya wati 45, ikifanya kazi theluthi moja ya muda, inakula 360 kwa siku peke yake. Kwenye joto kali na ikifunguliwa ovyo inazidi hapo. Kwa vifaa hivi haiwezekani, na nisingependa mkae gizani kwa ajili ya maji baridi. Birika la umeme ndiyo kabisa, lile linataka wati 1000 na kuendelea.

Neema: Sawa, friji hapana, na laptopu nitazungumza na baba. Kitu kingine: paneli ina tundu la USB. Nichomeke simu moja kwa moja?

Binamu Kito: Inafanya kazi, lakini si njia nzuri. Wingu likipita, volti zinashuka, simu inakata chaji. Jua likirudi, simu nyingine inabaki kwenye chaji ya polepole mpaka uchomoe na kuchomeka upya, na wewe hupo hapo. Mchana jaza pawabenki na boksi, usiku ndiyo mjaze simu. Pawabenki haijali mawingu yanayopita.

Binamu Kito: Na kwa pawabenki msidanganywe na namba. mAh 20,000 ni kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74. Ikipandisha kwenda volti 5 inapoteza, kwa hiyo mtapata kama 60. Ni simu mbili na kidogo.

Mjomba Hamisi: Neema, kwenye boksi tumia matundu ya USB kila inapowezekana. Kile kitufe cha AC kikiwashwa, inveta, yaani kigeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, inakula wati kadhaa hata kama hamna kitu kimechomekwa. Ukikiacha usiku kucha utaamka betri imeshuka na hujui nani kaitumia. Zima.

Mjomba Hamisi: Na boksi likae kivulini. Paneli juani, betri kivulini, kebo katikati. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikizidi nyuzi 45, wala ikiwa chini ya sifuri. Boksi zuri litakata lenyewe, mtadhani limeharibika kumbe linajilinda. Ndani ya gari lililofungwa juani, hapana kabisa. Hata paneli yenyewe msiiweke nyuma ya kioo cha gari, kioo kinakula mwanga na joto linapanda.

Kaka Juma: Mimi pia nina paneli ya 100 kama hiyo. Tukiziunga zote mbili?

Mjomba Hamisi: Neema, soma pembeni ya tundu la kuingizia chaji kwenye boksi.

Neema: Imeandikwa 11–28V, 8A, 110W MAX

Mjomba Hamisi: Basi msikie vizuri wote wawili. Mkiziunga kwa mfululizo, volti zinajumlishwa: 21.6 na 21.6 ni 43.2. Boksi mwisho wake 28. Likiwa na bahati litakataa, bila bahati mtaunguza sakiti ya kuingizia. Hesabuni kwa Voc siku zote, si kwa Vmp. Na acheni nafasi, maana asubuhi ya baridi volti zinapanda, kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi chini ya 25.

Mjomba Hamisi: Ungeni kwa sambamba, kwa kebo ya matawi mawili: chanya na chanya, hasi na hasi. Volti zinabaki 21.6, ampea zinaongezeka, na boksi linachukua kiasi linachotaka tu.

Binamu Kito: Saa sita boksi litaishia 110 hata mkiwa na paneli mbili. Faida yake mtaiona asubuhi, jioni na siku ya mawingu, na hapo ndipo mnapoihitaji. Ilete Juma.

Kaka Juma: Kebo zangu ni za kununua kando, plagi ile ya duara ya milimita 5.5.

Mjomba Hamisi: Pima kabla ya kuchomeka. Maltimita kwenye volti za DC, waya mwekundu katikati ya plagi, mweusi nje, paneli ikiwa juani. Ikisoma kama 20 bila alama ya kutoa, sawa. Ikitokea alama ya kutoa mbele, nguzo zimegeuzwa, usichomeke. Na kama utarefusha kwa mita 5, tumia waya wa milimita za mraba 2.5, unapoteza kama asilimia 2. Ule mwembamba wa 0.75 unakula 7.

Kaka Juma: Na nikiwa njiani naweza kuiunga moja kwa moja na betri ya gari?

Mjomba Hamisi: Hapana mwanangu. Bila kidhibiti chaji, volti zitapanda mpaka betri ichemke. Kidhibiti kiwepo, na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Unaanza kuunga betri, paneli baadaye. Kutoa, paneli kwanza. Kidhibiti cha aina ya PWM kitakupa wati 70 hivi kwa paneli yako hata jua likiwa kamili, maana kinaishusha paneli mpaka volti za betri. Cha aina ya MPPT kinazitumia zile volti za ziada.

Dada Zawadi: Upepo, jamani. Ikisimama kwenye miguu yake inashika upepo kama tanga. Pembeni ina vitundu vya chuma, funga kamba na vigingi pande zote mbili. Ikianguka kifudifudi juu ya jiwe, seli inapasuka ndani na kwa nje huoni kitu.

Dada Zawadi: Mvua kidogo haiui uso wa paneli, lakini kile kimfuko cha nyuma chenye USB hakipendi maji. Usiku ikunjeni, umande mwingi. Ikiwa na mchanga, mwagieni maji kwanza ndiyo mfute kwa kitambaa laini, mkisugua mkavu mnaikwaruza. Na ikunjeni kwa mikunjo yake ileile. Waya zinapita kwenye mikunjo, zikikatika hapo paneli inasoma sifuri au inapanda na kushuka ukiitikisa.

Shangazi Rukia: Nimesoma yote, ahsanteni wanangu. Mimi nakuja kwa ndege. Neema alitaka nipitie kwake nimbebee hivyo vitu. Uwanjani watanikubalia?

Dada Zawadi: Shikamoo shangazi. Paneli haina betri, beba bila wasiwasi. Pawabenki ya wati-saa 74 inaruhusiwa kwa sababu haizidi 100, ila iwe kwenye mkoba wa mkononi, usiiweke kwenye begi la kukabidhi. Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Boksi la 256 haliingii ndege ya abiria kabisa, hata likiwa tupu.

Shangazi Rukia: Marahaba. Basi boksi liende na gari la Juma, mimi nitabeba paneli na pawabenki.

Kaka Juma: Sawa shangazi. Neema lijaze ukutani kabla sijalipitia.