Naomba ushauri: tunaenda Ujerumani na watoto na mama mkwe

Hamjambo wapendwa. Sisi ni wa Mamboleo, Kisumu. Desemba tunamtembelea dada yangu Hamburg, na kinachoninyima usingizi ni barabara. Kule magari hupita upande wa kulia, ilhali kitinda mimba wangu wa miaka sita amezoea kutazama kulia kwanza akivuka. Jana nilimchorea barabara kwa chaki uani, tukarudia mara kumi, na bado kichwa kiligeukia kulekule. Angalau nambari ya dharura, 112, ameikariri.

Halafu mama mkwe. Yeye humbeba mtoto wa yeyote bila kuuliza, kwa upendo tu. Nimweleze vipi kwamba huko wazazi wanaweza kushtuka, bila kumvunjia heshima? Mliosafiri na wazee, mlianzia wapi?