Mjadala: Konstantin Simonov tumweke kundi gani?

Ndugu zangu, naleta hoja inayowagawa wasomaji wa fasihi ya Umoja wa Kisovieti. Konstantin Simonov, mshairi, mwandishi wa riwaya na wa filamu, mtu aliyepewa Tuzo ya Stalin mara 6, ni mwandishi wa kuheshimiwa au ni kibaraka mwenye kalamu nzuri? Wapo wanaosema alikuwa mtu wa zama zake, mwacheni apumzike. Wapo wanaosema aliuza utu wake, vitabu vyake vitupwe. Msimamo wangu ni kwamba asomwe, tena kwa bidii, na kila anayemfundisha aeleze pia alitia saini nini.

Haki yake tumpe kwanza. Mwaka 1941 alikwenda vitani kama mwandishi wa habari. Julai alifika uwanja wa Buinichi, nje ya mji wa Mogilev huko Belarus, akakuta kikosi cha Kanali Semyon Kutepov kimeteketeza vifaru 39 vya Wajerumani, wakati majeshi mengine yakirudi nyuma kila siku. Baadaye kikosi kile kilizingirwa na karibu wote wakafa. Simonov hakuwasahau. Alipofariki mwaka 1979, majivu yake yalimwagwa palepale Buinichi, kama alivyoagiza.

Kiangazi hichohicho cha 1941 aliandika shairi la "Nisubiri", akimwandikia mwigizaji Valentina Serova. Pravda, gazeti la Chama cha Kikomunisti, lilipolichapa Januari 1942, askari walilikata gazetini, wengine wakalinakili kwa mkono, wakalitia ndani ya barua za kwenda nyumbani. Humo hamna Stalin wala chama. Ni mwanamume anayemsihi mwanamke amsubiri hata mama mzazi akishakata tamaa. Mwaka 1943 likazaa filamu ambayo mswada wake aliuandika yeye mwenyewe. Anayetaka kulitupa shairi hilo awaeleze kwanza wale askari kosa lao.

Sasa tuje kwenye saini. Mwaka 1949 alipanda jukwaani kuwashambulia wahakiki wa tamthilia walioshutumiwa kukosa uzalendo, wengi wao Wayahudi. Mwaka 1956, akiwa mhariri mkuu wa jarida la Novy Mir, yeye na wenzake walimwandikia mwandishi Boris Pasternak barua ndefu ya kuikataa riwaya ya Daktari Zhivago. Watetezi wake husema mhariri ana haki ya kukataa mswada. Sawa, anayo. Lakini Oktoba 1958, Pasternak alipotunukiwa Nobel, barua ileile ilichapwa gazetini ikawa rungu la kumpigia, na katika siku hizohizo akafukuzwa kwenye Chama cha Waandishi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 1956 Simonov alichapa katika Novy Mir riwaya ya Vladimir Dudintsev iliyowaumbua warasimu. Wakubwa walikasirika, na mwaka 1958 kiti cha uhariri kikamtoka. Kwa hiyo ujasiri alikuwa nao. Alijua hatari, na kwa Dudintsev alikubali kuibeba. Kwa Pasternak hakukubali.

Naijua hoja ya kwamba alijirekebisha, na ina uzito. Riwaya ya Mikhail Bulgakov kuhusu Ibilisi aliyetua Moscow ilikuwa imefungiwa tangu mwandishi wake afariki mwaka 1940. Simonov aliipigania, akaiandikia dibaji, na jarida la Moskva likaitoa mwaka 1966 na 1967. Bila jina lake pale mbele sioni ingepitaje. Shajara zake mwenyewe za 1941, zilizoeleza vurugu ya miezi ile ya kwanza, wadhibiti walizizuia. Alitengeneza filamu za kuwahoji askari wa kawaida waliotunukiwa nishani ya Utukufu, akiwaacha waseme kwa maneno yao. Na mwaka 1979, mapafu yakiwa yamechoka, alirekodi kumbukumbu zake kuhusu Stalin akijihoji na yeye mwenyewe. Zilichapwa mwaka 1988, miaka 9 baada ya kifo chake. Ni wachache wa cheo chake waliofanya hivyo.

Kama habari ingeishia hapo, ningejiunga na wanaosema tumsamehe. Haiishii hapo. Agosti 1973 Pravda ilichapa barua ya waandishi ya kuwalaani mwanafizikia Andrei Sakharov na mwandishi Aleksandr Solzhenitsyn, wakosoaji wa serikali, na jina la Simonov limo. Stalin alikuwa amekufa miaka 20. Simonov alikuwa maarufu kupindukia, na hakuna aliyekuwa akienda kumpiga risasi kwa kukataa kutia saini. Mwaka huohuo Lidia Chukovskaya, mwanamke ambaye mumewe aliuawa katika ukandamizaji wa Stalin, aliandika kumtetea Sakharov. Januari 1974 Chama cha Waandishi kikamfukuza.

Basi anayesema Simonov alikuwa mtu wa zama zake anijibu: Chukovskaya alikuwa wa zama zipi?