Tupeane uzoefu: Kombe la Emirates lilikudanganya mwaka gani?

Mzee wa Kona (mleta mada)

Wakuu, Julai ikifika ugonjwa wangu unarudi. Wana Arsenal mnalijua bonanza letu la pale uwanjani kwetu Emirates, lililoanza 2007, enzi hizo timu nne kwa siku mbili. Ni mechi za kupasha misuli tu, na kila mwaka tunaapa hatutaamini tena. Naanza na yangu.

2 Agosti 2014, niko banda umiza Morogoro, Arsenal na Benfica. Mshambuliaji wetu Yaya Sanogo alikuwa amemaliza msimu mzima kwetu hana hata bao moja la mashindano. Siku hiyo akatia manne. Manne, jamani! Ubao ukasoma 5-1, hilo lingine la Joel Campbell. Jirani yangu wa Man U akaniambia, "Tulia, hilo ni bonanza." Nitulie wapi? Jumapili Monaco wakatupiga 1-0, bao la Falcao, kombe likabebwa na Valencia, lakini mimi hesabu zangu zilikuwa zimeshafungwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi niko kwa fundi wa kuchapa jezi: niwekee SANOGO 22. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na jina.

Sanogo aliondoka 2017. Mabao ya mashindano akiwa Arsenal: moja tu. Haya, tupeane.

Mkeka Umechanika

Yangu ni 2015. Tuliwafunga Lyon 6-0, halafu Wolfsburg 1-0, kombe letu. Nikaona ubingwa huu hapa. Mechi ya kwanza ya ligi ni West Ham, tena nyumbani, nikaweka mkeka kwa hela ya kodi ya chumba. Tukalala 2-0. Mengine tuyaache, mama mwenye nyumba naye huenda yumo humu.

Kijana wa Mvita

Nyinyi mwalia na Sanogo, mimi nalia na Drogba, yule straika wa zamani wa Chelsea. 2013 twacheza na timu yake, Galatasaray ya Uturuki, Walcott ashatupa la kuongoza, niko maskani hapa Mombasa nawachokoza watu wa Chelsea, nawaambia mtu wenu kashakwenda Uturuki, leo hana la kutufanya. Wallahi sijamaliza kikombe cha kahawa. Mawili, yote mwishoni, na kombe akaenda nalo. Watu wa Chelsea walisherehekea kana kwamba ni lao. Tangu siku hiyo mechi ya Arsenal naitazama nyumbani.

Hesabu Kali

Mnasahau kioja cha 2017. Sheria ya lile kombe ilikuwa pointi tatu za kushinda, moja ya sare, na kila bao unalofunga nalo ni pointi. Sisi tukamfunga Benfica 5-2, tukafungwa na Sevilla 2-1. Sevilla alikuwa ameshamfunga Leipzig 1-0. Kwa hiyo Sevilla kashinda zote mbili: sita, jumlisha mabao matatu, tisa. Sisi tumeshinda moja: tatu, jumlisha mabao sita, tisa. Tukachukua kombe kwa wingi wa mabao, dakika chache baada ya kufungwa na huyo huyo Sevilla!

Bandani kwetu nilieleza hesabu hiyo kwa chaki ukutani. Hakuna aliyekubali. Mzee mmoja wa Yanga akasema hata kwenye mashindano ya kuku mshindi anajulikana.

Mama Wawili

Mimi naishi London, mume wangu ndiye mnazi, mimi nafuata mkumbo. Mechi hizi ndizo tunazoweza kupeleka watoto, maana ligi ikianza kupata tiketi nne zilizo pamoja ni shughuli. 30 Julai 2022 walikuja Sevilla. Mdogo akabanwa na haja tukiwa tunaingia, mkubwa akataka chipsi, foleni ndiyo hiyo. Tukawa tunasikia uwanja ukinguruma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mume wangu anakunja uso tu. Tunafika kwenye viti, dakika ya ishirini na kitu, nne zimeshaingia! Iliisha 6-0, Gabriel Jesus katupia tatu. La tano na la sita tuliyaona, lakini kwenye gari hakuna aliyeongea.

Mwaka huo lakini halikudanganya sana. Tuliongoza ligi mpaka Aprili.

Mkeka Umechanika

Mpaka Aprili, dada. Ligi inaisha Mei.

Msimbazi Damu

Mimi wa Simba, napita tu. Zamani nililionea wivu hilo bonanza lenu, timu nne siku mbili, sisi Simba Day, tamasha letu la kabla ya msimu, ni mgeni mmoja na mechi moja. Sasa tangu 2019 nanyi mnaita mgeni mmoja. Karibuni. Tofauti ni kwamba sisi kabla ya mpira tunapata wasanii, na tukifungwa angalau tumecheza muziki.

Kijana wa Mvita

Mzee wa Kona, ile jezi i wapi?

Mzee wa Kona

Ipo. Anaivaa mpwa wangu kwenye chandimu. Ni kipa.