Kununua trela la kulala kutoka yadi hapa Texas: nimeacha arubuni, sijasaini mkataba

BabaImani, Fort Worth

Ndugu zangu, salaam. Sisi ni familia ya watu watano na tumeamua kununua trela la kulala, lile linalovutwa na pikapu, ili likizo za watoto zisimalizikie kwenye bili za hoteli. Jumamosi tulikwenda yadi moja nje ya mji, tukapenda trela jipya lenye vitanda vya ghorofa kwa nyuma. Bei iliyobandikwa dirishani ilikuwa dola 38,900, wakatushushia hadi 31,900, lakini karatasi ya hesabu ilipotoka nikakuta dola 1,900 za usafirishaji na 1,200 za maandalizi, bei ikawa 35,000, kodi ya jimbo na usajili zikiwa pembeni. Kila nilipouliza jumla yote, kijana wa mauzo alinirudisha palepale: nikitanguliza 5,000, nitalipa dola 299 tu kwa mwezi. Niliacha arubuni ya dola 500 kwa kadi, kwa kuwa alisema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi jioni kuliona trela hilohilo. Waliowahi kununua, naomba mniambie ni wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza kabla sijarudi kusaini.

Mhasibu_Mstaafu

Ndugu BabaImani, yule mteja wa saa kumi hata mimi nilitajiwa, mwaka niliponunua langu, na mpaka leo sijamwona. Tuanze na hiyo 299, kwa sababu hukusema ni ya miezi mingapi, na nadhani hata wao hawakuitaja kwa sauti. Mikopo ya matrela hapa Marekani hufika miaka 15, hata 20. Ikiwa ni miezi 180, utakuwa umelipa dola 53,820 kwa mkopo wa 30,000, yaani 23,820 ni riba tupu, na trela lenyewe litakuwa limeshachakaa zamani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ofisi ya mikopo ya yadi mara nyingi hupewa riba na benki, kisha huongeza yake juu na kubaki na sehemu ya tofauti hiyo. Mkopo huohuo wa 30,000 kwa miaka 15 ni dola 287 hivi kwa mwezi kwa riba ya asilimia 8, na 322 kwa asilimia 10. Hizo dola 35 zinaonekana kama hela ya soda, lakini zinakaribia 6,400 hadi deni liishe. Kwa hiyo, kabla ya kurudi, nenda kwenye chama cha akiba na mikopo cha hapo mjini, ambacho hufanya kazi kama SACCOS zetu, upate barua ya mkopo ulioidhinishwa, ndipo yadi ijaribu kushindana nayo.

Kuhusu ada, usigombane nazo moja moja. Waandikie barua pepe ukitaka bei ya jumla, ada zote zikiwa ndani, kwa sababu ukifuta ya maandalizi itazaliwa nyingine. Punguzo la asilimia 20 hadi 30 kutoka bei ya dirishani ni la kawaida katika biashara hii, na wewe, ukihesabu ada hizo, umepata karibu asilimia 10 tu.

MamaZuhura

Shemeji, mimi nitasema la ukaguzi peke yake, maana ndilo lililoniliza. Yadi tuliyonunulia ilitupa dakika arobaini za kuonyeshwa trela, jua likizama, na karatasi zote zikiwa zimeshasainiwa. Usiku wa kwanza nyumbani nilifungua kabati la chini ya sinki, nikagusa ubao wa sakafu kwa kidole, kikazama kama kwenye mkate uliolowekwa chai. Kiungo cha bomba hakikuwa kimekazwa kiwandani. Trela lilirudi yadi likakaa wiki saba likisubiri vipuri, na majira ya joto yakatupita. Usisaini kabla hawajaunganisha maji, umeme na gesi mbele yako, ukawasha jiko, kipasha maji na kiyoyozi, ukapanda ngazi kukagua gundi ya paa, na kupapasa kuta kuzunguka madirisha, kwani ukuta uliovimba ni ishara kwamba maji yameshaingia. Kama jokofu ni la gesi, waombe waliwashe siku moja kabla, kwa sababu huchukua saa nyingi kupoa.

Wala usitegemee zile siku tatu za kughairi ambazo watu huzitaja, kwa kuwa kanuni hiyo ya shirikisho haihusu mkataba uliosainiwa dukani kwa muuzaji. Nafuu yako ni kwamba sheria ya Texas ya magari mabovu inagusa pia matrela mapya ya kuvutwa, ambayo majimbo mengi huyaacha nje.

Dereva_wa_Masafa

Je, umetazama kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva? Muuzaji atakwambia pikapu yako inavuta ratili 9,000, na huenda ni kweli, lakini kinachowahi kufika kikomo ni uzito ambao gari linabeba mgongoni. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lililopakiwa hukandamiza ndoano ya nyuma, na hesabu hiyo hujumlishwa na nyinyi watano pamoja na mizigo yenu. Tumia uzito wa juu ulioidhinishwa wa trela, usitumie ule wa trela tupu unaopambwa kwenye matangazo.

BabaImani, Fort Worth

Nawashukuru nyote. Nimetoka nje na tochi sasa hivi: kibandiko kinasema ratili 1,380. Trela lina kikomo cha 7,600, na asilimia 12 yake ni 912. Sisi watano tuna 680 bila hata sufuria moja. Nimewaandikia kwamba silichukui, wakajibu kwamba arubuni itarudi kwenye kadi ndani ya siku kumi za kazi. Mhasibu, ni kweli: mkopo ulikuwa wa miezi 180.