Kidonda cha ekzosi ya bodaboda hakifungi, mguu unavimba na sukari ipo: tuanzie wapi?

Mkazi_wa_Goba

Wakuu, salaam. Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Mgonjwa ni mama wa miaka 61, ana sukari na presha. Aliungua na ekzosi ya bodaboda upande wa ndani wa mguu wa kulia, kama vidole vinne juu ya kifundo. Huu ni mwezi wa tano na kidonda kimezidi kutanuka: sasa ni sentimita 5 kwa 4. Hakijachimba sana. Ndani kuna utando wa njano uliochanganyika na nyama nyekundu, na kinatoa maji mpaka nguo inalowa. Ngozi ya pembeni imegeuka kahawia nzito na imekakamaa. Mguu unavimba jioni, akiamka asubuhi umepungua. Maumivu yapo, ila akiunyanyua mguu anapata nafuu.

Anatumia metformini miligramu 500 asubuhi na jioni, na amlodipini miligramu 10 mara moja kwa siku. Sukari kabla ya kula asubuhi inacheza kati ya 11 na 13. Kidonda kinasafishwa kwa spiriti, kinapakwa GV (ile dawa ya maji ya zambarau), kinanyunyiziwa unga wa kapsuli za antibiotiki ya Ampiclox, kisha kinaachwa wazi kipate hewa. Dozi tatu za antibiotiki zimekwisha, hakuna kitu. Majirani wanasema hili ni donda ndugu, apelekwe kwa mtu wa mitishamba. Ni dawa gani ya kupaka itakayokifunga?

---

Sista_Dresingi

Pole kwa kuuguza. Kwanza acheni hivyo vitu vinne: spiriti, GV, unga wa kapsuli na kukiacha wazi. Spiriti inaua chembe changa zinazojaribu kufunga kidonda. GV inakausha na kupaka rangi, kiasi kwamba hata daktari akikitazama haoni nyama ni nyekundu au nyeusi. Unga wa kapsuli unagandamana na maji ya kidonda, unakuwa gamba, na usaha unajificha chini yake. Tena unawapa wadudu mazoezi ya kuizoea dawa. Kuhusu hewa, kidonda kinahitaji unyevu wa kiasi. Kikikauka, ngozi mpya haina pa kutambaa.

Utaratibu ni huu. Chemsha maji, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Mwenye kuyapima awe mtu asiye na ganzi, kwa kiwiko, maana mwenye sukari anaweza kuungua bila kujua. Kwenye maji yanayozidi nusu lita kidogo weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichokatwa usawa. Tandika mfuko safi wa plastiki ndani ya beseni ili vijidudu vya beseni visihamie kwenye mguu. Osheni mguu wote, siyo kidonda tu, kwa sabuni isiyo kali, kuanzia goti hadi katikati ya vidole, mtoe na magamba ya ngozi kavu. Kisha mwagieni kidonda yale maji ya chumvi. Gozi ya zamani ikiwa imeganda msiing'oe. Ilowesheni dakika tano hadi kumi iachie yenyewe. Ukiing'oa unaondoka na ngozi yote iliyoota wiki hiyo.

Kausheni mguu, hasa katikati ya vidole. Pakeni vaselini kwenye ngozi nzima inayozunguka kidonda, upana wa vidole viwili, ili maji ya kidonda yasiichome. Juu ya kidonda wekeni gozi yenye vaselini, ile ya pakiti, halafu gozi kavu za kutosha kunyonya maji, ndipo bendeji. Badilisheni pale maji yanapofika nje. Kwa kidonda kinachotoa maji kama hicho, mwanzoni itakuwa kila siku au siku moja ndiyo moja siyo. Ukiona ukingo umekuwa mweupe na kulainika kama kidole kilichokaa sana majini, ujue gozi ni chache au inakaa muda mrefu.

Ila hakuna cha kupaka kitakachofunga kidonda hicho wakati mguu bado unavimba. Hayo maji yanayolowesha nguo yanatoka kwenye huo uvimbe.

---

Dkt_Zamu_ya_Usiku

Sista amefika mahali penyewe. Ukisoma maelezo yako vizuri, moto wa ekzosi ulianzisha tu. Kidonda upande wa ndani juu ya kifundo, kipana lakini hakijachimba, maji mengi, ngozi ya kahawia iliyokakamaa, uvimbe wa jioni na nafuu mguu ukiinuliwa: hiyo ndiyo sura ya kidonda cha vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu inashindwa kupanda kurudi moyoni, inatuama chini, shinikizo linasukuma maji na chembe za damu nje ya mishipa. Hiyo rangi ya kahawia ni chuma kilichoachwa na chembe hizo. Tiba yake kuu ni kubana mguu kwa bendeji, kiasi cha milimita 40 za zebaki kwenye kifundo na kupungua kadiri unavyopanda gotini.

Hapo ndipo penye hatari kwa mama huyu. Ana sukari, ana presha, ana miaka 61. Ateri zinazopeleka damu mguuni zinaweza kuwa zimeziba, na ukibana mguu usiopata damu ya kutosha unaweza kuua vidole. Kwa hiyo kabla ya bendeji ya nguvu apimwe uwiano wa presha ya kifundo na mkono. Alale chali dakika kumi, presha ichukuliwe mikono yote miwili na kwenye ateri mbili za kila mguu kwa kutumia kifaa cha Dopla, kile kinachosikiliza damu ikipita kwenye mshipa. Kisha namba kubwa ya kifundo igawanywe kwa namba kubwa ya mkono. Mfano: mkono 140, kifundo 130, jibu ni 0.93, anaweza kubanwa. Mkono 140, kifundo 90, jibu ni 0.64, huyo habanwi kwa nguvu, anapelekwa kwa daktari wa mishipa. Chini ya 0.5 ni dharura ya mguu. Jibu likizidi 1.3 msishangilie, maana kwa wenye sukari ateri hukakamaa kama bomba na haibonyei, kwa hiyo namba inadanganya. Hapo inapimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Jambo la pili ni amlodipini. Miligramu 10 huvimbisha miguu ya watu wengi, zaidi kuliko 5, na uvimbe huo hauondoki vizuri kwa dawa za kukojoza kwa sababu chanzo siyo maji kuzidi mwilini. Daktari wake anaweza kupunguza dozi, kuongeza dawa ya kundi la losartani ambayo hupunguza uvimbe huo, au kubadilisha kabisa. Figo na potasiamu zipimwe kwanza. Asiiache mwenyewe nyumbani. Presha ikipanda ghafla mtakuwa na tatizo kubwa kuliko kidonda. Kama anameza diklofenaki kwa maumivu, hiyo ndiyo iachwe leo, apewe parasetamoli. Diklofenaki inabakiza maji mwilini, inapandisha presha na inaumiza figo. Na kama miguu yote miwili inavimba, au anakosa pumzi akilala chali, moyo uchunguzwe kabla ya kubana chochote.

Sukari ya 11 hadi 13 asubuhi inadhoofisha chembe za kinga. Lengo ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula. Dozi yake ya metformini bado ina nafasi ya kupanda kama figo ni nzima; aamue anayemtibu. Fanyeni pia kipimo cha sukari ya miezi mitatu na wingi wa damu.

Antibiotiki: kila kidonda cha miezi mitano kina vijidudu juu yake, hiyo peke yake siyo sababu ya dozi. Sababu ni joto linalosambaa, ngozi kung'aa na kukaza, usaha, harufu mpya, maumivu kuongezeka, homa, au sukari kupanda bila maelezo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu yote miwili. Ikibidi kuotesha vijidudu maabara, kidonda kioshwe kwanza, ndipo pamba ya kipimo izungushwe na kukandamizwa kwenye nyama safi, eneo la sentimita moja, kwa sekunde tano. Ukiipitisha kwenye usaha wa juu, maabara itakuletea majina ya vijidudu vya nje tu.

---

Mkazi_wa_Goba

Dokta, sista, asanteni sana. Diklofenaki anatumia, ananunua mwenyewe duka la dawa. Kituo cha afya cha hapa hakina Dopla. Je, tunaweza kumfunga bendeji ya krepu tukisubiri rufaa? Miguu yote inavimba ila wa kulia ndiyo zaidi. Pumzi haina shida.

---

Dkt_Zamu_ya_Usiku

Kuvimba miguu yote kunaendana na amlodipini, lakini moyo na figo vipimwe hata hivyo, na asibanwe hata kwa wepesi kabla ya hapo. Kituo hicho kinaweza kupapasa mapigo mawili: moja sehemu ya juu ya mguu, mbele ya kifundo, pembeni kidogo ya kano ngumu inayoonekana kidole gumba kikiinuliwa, lingine nyuma ya kifundo cha ndani. Yakiwa na nguvu yote mawili, mguu una joto, hana ganzi, na haamki usiku kwa maumivu yanayotulia akiushusha kitandani, abanwe kwa wepesi tu, kama nusu ya nguvu niliyotaja, huku Dopla ikitafutwa ndani ya wiki mbili. Kimojawapo kikikosekana, msibane. Ganzi inapimwa kwa uzi maalumu wa gramu 10. Akiwa nayo hatasikia bendeji ikimkata.

---

Sista_Dresingi

Krepu inafungwa asubuhi kabla hajashuka kitandani, mguu haujavimba. Anza kwenye shina la vidole, mguu ukiwa umekunjwa kwenye kifundo kama amesimama. Zungusha mara mbili, pita kisigino (kisigino kikiachwa wazi uvimbe wote unahamia hapo), kisha panda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mvuto uwe ule ule hadi vidole viwili chini ya goti. Kabla ya krepu tanguliza pamba ya kukunja kwenye muundi na vifundo, maana mfupa uliokaribu na ngozi ndiyo unaochubuka. Kosa ninaloliona kila siku ni watu kufunga eneo la kidonda peke yake, kama mkanda. Hiyo inauziba mguu, juu na chini vinavimba.

Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au vikianza kuchoma, fungua hapo hapo. Usiku ivuliwe. Krepu ya dukani hulegea ndani ya saa chache, itafaa kwa kusubiri tu.

---

Fizio_Morogoro

Mmesahau kigimbi. Msuli wa shavu la mguu ndiyo pampu ya kurudisha damu juu, na mgonjwa wa kidonda huwa anachechemea kwa ncha ya mguu mpaka kifundo kinakauka. Kikishakauka, pampu imekufa, na bendeji inapoteza nusu ya faida yake. Akiwa amekaa, avute vidole kuelekea usoni kisha avisukume mbele, mara ishirini, kila saa anapokuwa macho. Akishazoea, ashike meza na kujiinua kwa ncha za vidole, mara kumi, raundi tatu kwa siku. Mwenye kidonda chini ya unyayo asifanye hilo la mwisho. Yeye anahitaji kuondolewa uzito mguuni.

Kupumzisha mguu ni kulala kifundo kikiwa juu ya usawa wa moyo, nusu saa, mara tatu au nne kwa siku. Kukaa kwenye kochi na mguu juu ya stuli hakutoshi. Kulala kwenye kiti usiku ndiyo kunaharibu kabisa. Wakati huo huo asiwe wa kitandani siku nzima, kwa hofu ya damu kuganda: kigimbi kimoja kikivimba ghafla, kikawa kigumu na kuuma, au pumzi ikakata, ni hospitali saa hiyo hiyo.

---

Mchuuzi_wa_Asali

Na asali je? Wengine tumeona inafunga vidonda.

---

Sista_Dresingi

Asali ya tiba iliyosafishwa kwa mionzi inatumika, inasaidia kuondoa utando na harufu. Ya chupa ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za vijidudu na maji ya sukari. Kwa kidonda cha vena haishindi bendeji, na inaongeza majimaji. Pesa hiyo mnunulieni mayai, dagaa na maharage: kidonda kinachovuja kinamwaga protini kila siku. Kama figo zina hitilafu, kiasi apange mtaalamu wa lishe.

---

Dkt_Zamu_ya_Usiku

La mwisho, pimeni maendeleo. Wekeni plastiki safi ya kuonea juu ya kidonda, chorea ukingo kwa kalamu, andika tarehe, kila wiki. Kwa tiba sahihi, kwenye wiki ya nne eneo linatakiwa liwe limepungua kwa karibu nusu. Lisipopungua, au ukingo ukiinuka na kutoa damu ukiguswa, kikatwe kinyama kidogo ukingoni, sehemu zaidi ya moja, kipimwe saratani. Kukata kipimo hakuisambazi. Ukingo ukiwa umechimbika kwa chini na hauumi, hasa kwa aliyekaa Uganda au Kongo, fikirieni kidonda cha Buruli, ugonjwa wa bakteria wanaoila ngozi. Hicho kinatibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini wiki nane.

Kikishafunga, atahitaji soksi za kubana za kipimo chake maisha yake yote, la sivyo kitarudi pale pale. Zinavaliwa asubuhi, zinavuliwa usiku, zinaanikwa kivulini, na baada ya miezi sita zinabadilishwa hata kama hazijatoboka, kwa sababu mpira unakuwa umelegea. Na bodaboda apandie na kushukia kushoto, ekzosi iko kulia.