Nyanya zinanyauka zikiwa kijani kabisa, mara ya pili sasa. Naomba ushauri

MamaWatatu_Bombo
Asalaam aleikum, habari za jioni wapendwa. Niko hapa Bombo, Uganda, nyuma ya nyumba nina kipande cha hatua kumi na nne kwa tisa. Ndicho kinachotulisha mboga mwaka mzima, na nyanya zikizidi nauzia majirani napata ya sabuni na madaftari ya watoto.

Mvua za Machi nilipanda miche 40 ya nyanya. Ilipoanza kutoa maua, mmoja ukalegea mchana juani, jioni ukasimama tena. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku ya tatu haukusimama. Majani hayakuwa na doa, hayakugeuka manjano, yalining'inia tu mabichi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ukafuata wa pembeni yake, kisha mstari wote kuteremka upande maji ya mvua yanakoelekea. Dukani nikauziwa dawa ya ukungu, nikapulizia mara nne. Pesa ikaenda, nyanya zikaenda.

Septemba nikapanda tena palepale, nikaongeza samadi. Leo asubuhi nimekuta miche sita imelala. Jirani nayo kuna biringanya, nakati ile mboga ya majani, dodo yaani mchicha, na migomba mitatu ya matoke. Naogopa ni kiwotoka, ule ugonjwa wa kunyausha migomba, imehamia kwenye nyanya. Nifanye nini? Tafadhali msiniambie niache, kipande hiki nimekilima tangu nilipoolewa.

Kijana_wa_Busia
Pole sana mama. Weka jivu kwenye shina, kwetu linasaidia.

MzeeTumbaku_Arua
Wa aleikum salaam binti yangu. Kabla ya jivu wala dawa, fanya jambo moja usiku huu. Chukua mche mmoja ulionyauka leo, usiwe uliokauka. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Jaza glasi maji safi, iweke mezani itulie, kisha shikilia kile kipande kwa uzi au kijiti, ncha iliyokatwa iguse maji tu. Usitikise. Tazama kwa dakika tano ukiwa na tochi nyuma ya glasi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Usipoona kitu, pasua shina kwa urefu: likiwa na michirizi ya kahawia na majani ya chini yalianza njano, huo ni mnyauko wa fuzari, ambao ni ukungu, na mashauri yake ni mengine.

Baba yangu alilima tumbaku huku West Nile. Ugonjwa huu tuliujua kwenye tumbaku kabla hatujaujua kwenye nyanya, maana ni ukoo mmoja.

DadaMiche_Mbale
Mzee amesema vyema. Niongeze kuhusu migomba, dada usiikate! Kiwotoka ya migomba, iliyothibitishwa hapa Uganda mwaka 2001, ni bakteria mwingine kabisa. Haitoki kwenye mgomba kuja kwenye nyanya.

Na kaka wa Busia, nakuheshimu, lakini jivu hasa linapunguza ukali wa asidi ya udongo. Mche ulioingiwa na bakteria ndani ya mishipa hauponi kwa jivu wala kwa dawa ya ukungu. Inaniuma watu wanavyouziwa dawa bila kuulizwa hata swali moja kuhusu shamba lao.

MamaWatatu_Bombo
Nimefanya. Wanangu wote wamesimama juu ya meza kutazama. Dakika ya pili ukashuka uzi mwembamba mweupe, ukajikunja chini ya glasi kama moshi. Kisha wa pili. Nimeketi, sijui niseme nini.

MzeeTumbaku_Arua
Pole binti yangu. Afadhali sasa unajua. Kesho asubuhi ng'oa yote iliyonyauka pamoja na mizizi na udongo unaoishikilia, ichome au ifukie mbali. Usitupe kwenye shimo la mboji. Jembe lioshe, kisha lisugue kwa jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji. Viatu pia, bakteria hawa husafiri na udongo na maji yanayotiririka. Ndiyo maana mstari ulikufa kuteremka. Upande wa juu wa kipande chimba mfereji maji ya mvua yapite kando.

Nilikaa_Kabale
Huko Kabale nimeuona kwenye viazi: ukikata kiazi kinatoa ute mweupe kwenye duara la ndani. Wanaopanda viazi mwaka hadi mwaka palepale ndio wanaoumia zaidi. Bakteria huyu anakaa ardhini miaka, dada. Pumzisha pale misimu kadhaa bila nyanya, viazi mviringo, pilipili wala biringanya. Panda mahindi, maharage, vitunguu, sukuma wiki.

MamaWatatu_Bombo
Na nakati? Watoto hawali ugali bila nakati.

DadaMiche_Mbale
Nakati nayo ni ya ukoo huohuo, dada, pamoja na entula (nyanya chungu) na katunkuma, vile vitunda vidogo vichungu. Dodo haimo, jobyo (mgagani) haimo, panda hizo kwa wingi.

Ila nyanya hukosi. Hamia kwenye magunia. Mimi natumia madebe ya lita 20 na magunia ya mchele, mche mmoja kila kimoja. Udongo utoe mahali ambapo hapajawahi kulimwa nyanya, vipimo viwili vya udongo kwa kimoja cha samadi iliyooza vizuri. Toboa chini maji yatoke. Na hapa watu wengi hukosea: usiliweke gunia juu ya ardhi yako, liinue juu ya matofali, mizizi ikipenya chini umerudi ulikotoka. Miche jioteshee mwenyewe kutoka kwenye mbegu, kwa sababu hujui udongo wa muuzaji. Mwagilia shinani taratibu, maji yasiruke.

Kile kipande, Januari jua likiwaka, kiloweshe na ukifunike kwa nailoni angavu, kingo uzifukie, wiki sita. Joto linapunguza bakteria, ingawa haliwamalizi.

Kijana_wa_Busia
Asante dada, nimejifunza. Mama, ukiwa njiani kwenda Kampala pitia Kawanda, ni barabara yenu hiyohiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo kina maabara ya udongo.

MamaWatatu_Bombo
Mungu awabariki. Nina magunia kumi na moja ya mchele stoo, na matofali yaliyobaki ujenzi wa jiko. Udongo nitachota chini ya mwembe wa mama mkwe, pale hapajapandwa kitu. Nakati nitaipa magunia mawili. Kesho alfajiri naanza na mfereji, mawingu yameshatanda upande wa Wobulenzi.